Chumba cha Dola Kumi na Mbili

Muuza vitasa alianza kujuana na Bi Siku kwa kugombana naye bei. Hilo halikumshangaza mtu, maana yeye hata akipewa kitu bure huuliza kama hakuna punguzo. Sokoni walimwita Robo, kwa kuwa ukimtajia bei ya kitu, yeye huanza kuhesabu kutoka robo yake. Siku hiyo alipanda ngazi za nyumba moja ya ghorofa, juu ya kibanda cha fundi viatu, tiketi ya ndege mfukoni na swali moja kichwani: huyu mwanamke anauza nini hasa?

Alichokisikia ni kwamba yuko mama anayekupangia matumizi ya ng'ambo siku kwa siku. Anakutilia fedha zako kwenye bahasha za kaki, bahasha moja siku moja, na juu yake anakuandikia utalala kwa kiasi gani, utapanda nini, utakula nini. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho chake. Mjini walimwita Bi Siku, kwa sababu ukimuuliza safari fulani itakula kiasi gani, hakujibu. Alikuuliza wewe: "Siku ngapi?"

Chumba chake kilinuka gundi ya viatu iliyopanda kutoka chini. Palikuwa na meza, viti viwili, kikokotoo kilichofutika namba kwenye vitufe, mzani wa kupimia mabegi, na rafu ya madaftari ya jalada gumu, kila mji na daftari lake. Ukutani palikuwa patupu.

"Mama, hata picha moja ya ng'ambo huna?"

"Picha haisemi bei ya chai. Kaa. Na umama huo nani kakupa? Nimekuzidi miaka saba tu, nakuona."

Robo akakaa. Akamwambia anakwenda siku tisa kutafuta vitasa na bawaba kwenye maduka ya jumla. Bi Siku akamtajia ada yake. Robo akashika kifua kama mtu aliyechomwa sindano.

"Dada yangu, kwa bahasha? Bahasha hizi hizi za dukani?"

"Bahasha nakupa bure. Unalipia kilichoandikwa juu yake."

"Umewahi kufika huko?"

"Sijafika."

"Pasipoti unayo?"

"Sina."

"Sasa! Unaniuzia bei za mji ambao hujaukanyaga?"

"Na wewe unauza vitasa vya milango usiyoingia," akasema Bi Siku bila kuinua macho. "Kuna mtu amekugombeza?"

Robo akacheka bila kutaka. Watu wa kumnyamazisha kwa neno moja aliwahesabu kwa vidole, na wengi wao walikuwa wamekwisha kufa.

Mwanamke yule alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minne nyuma ya dirisha la wakala wa tiketi. Huko aliwaona watu wakilipa nauli kwa mbwembwe, kisha wakisogea pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Na nikifika, nitakula nini?" Hakuwa na jibu, na hakuna aliyemlipa awe nalo. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikwenda ng'ambo kwa wiki mbili akarudi siku ya tano, mifuko mitupu, akasema nchi ile haifai. Bi Siku akamkalisha kitako akamhoji siku moja moja. Ikajulikana kwamba nusu ya fedha ziliishia siku ya kwanza, kwenye teksi ya kutoka uwanja wa ndege na chakula cha mchana cha mahali penye vitambaa vya meza. Wakala alipofunga ofisi, Bi Siku alinunua daftari lake la kwanza, na ukurasa wa kwanza ulikuwa wa shemeji.

Alikuwa na ngazi tatu za matumizi, na kila moja aliipa jina. Ya chini ni Kubana: unalala mbali, unapanda basi, unakula umesimama. Ya katikati ni Kupumua: chumba chako mwenyewe karibu na shughuli yako, mlo mmoja wa kukaa kwa siku. Ya juu ni Kutanua, nayo haihitaji maelezo, mwenye nazo anaijua. Wateja wengi walidhani ngazi huchaguliwa kwa unene wa pochi. Bi Siku alikataa.

"Pochi ni swali la pili," alimwambia Robo. "La kwanza ni kilichokupeleka. Mtu anakwenda kwenye usaili wa kazi, analala mahali pa kubana, anafika amechoka, macho mekundu. Ameokoa dola kumi, amepoteza kazi. Mwingine anakwenda kumwona mwanawe, ananunua Kutanua ya wiki nzima, na mchana kutwa yuko kwa mwanawe. Kitanda kinalala peke yake hotelini."

"Mimi nipige Kubana," Robo akasema. "Kila dola nisiyoila ni kitasa."

Bi Siku akafungua daftari la mji ule. Kitanda dola ishirini, tena mbali, chakula nane, basi sita. Jumla thelathini na nne kwa siku.

"Mimi nitatumia chini ya hapo," Robo akasema.

"Hutatumia."

"Tuwekeane. Nikitumia chini, unanirudishia ada yangu yote."

"Na ukizidisha, unanilipa mara mbili. Ukirudi, kabla ya wiki kwisha, unakuja hapa unanieleza siku zote tisa, moja moja. Hiyo ya kueleza haina mjadala. Ndiyo shamba langu."

Wakapeana mikono.

Sasa, kuhusu hilo shamba. Bi Siku aliishi kwa maneno ya waliorudi, na alijua fika kwamba kila anayerudi huja na uongo wake. Mfanyabiashara husema alitumia kidogo, aonekane mjanja, huyo alimwongezea. Aliyetumwa na ofisi husema alitumia nyingi, huyo alimpunguzia. Aliyekwenda kwa ndugu husema kule maisha ni moto, asije akaulizwa zawadi ziko wapi. Huyo alimpunguzia zaidi. Ni mwenye risiti tu aliyeandikwa kama alivyosema. Miaka sita kanuni hiyo haikuwahi kumwangusha.

Robo alifika ule mji akaelekea moja kwa moja mtaa wa maduka ya jumla. Hapo palikuwa na nyumba ya wageni safi, ngazi zake zimepigwa deki, mlango wa vyuma. Bei ya chumba dola thelathini na sita. Akaanzia tisa. Mpokezi, kijana mwenye miwani, alimwangalia kama anayesikiliza redio ya mtu mwingine. Akapanda mpaka kumi na mbili, akasimama hapo. Mpokezi akarudi kwenye karatasi zake.

Wakati huo waliingia wanaume wawili wenye mabegi makubwa, mmoja muuza matairi, mwingine muuza nyuzi, na wao wakatajiwa thelathini na sita, na wao wakashika vifua. Robo akawatazama, wao wakamtazama. Haikupita nusu saa watatu wale walikuwa chumba namba saba, vitanda viwili vimeunganishwa, Robo katikati. Muuza matairi alikoroma kama mashine ya kusaga. Muuza nyuzi alikuwa na tabia ya kuvuta shuka yote. Usiku nane Robo alilala kama panga kwenye ala, lakini alilala hatua mia mbili kutoka dukani, kwa dola kumi na mbili. Wakati wa kuondoka kila mmoja aliomba risiti ya sehemu yake. Yake iliandikwa: chumba namba saba, usiku nane, dola tisini na sita. Muhuri ukapigwa.

Aliporudi, aliiweka risiti hiyo juu ya meza ya Bi Siku kama mtu anayeweka karata ya mwisho.

Bi Siku aliisoma mara mbili. Aligawa kwa kikokotoo, ingawa hesabu ile hata mtoto angeifanya.

"Mtaa wa maduka ya jumla?"

"Mlangoni kabisa."

"Kumi na mbili?"

"Muhuri huo hapo, dada yangu. Au na muhuri nao unaongezewa?"

Robo alingoja swali jingine. Lau angeulizwa, angesema. Ndivyo alivyojiambia baadaye, na huenda ni kweli. Hakuulizwa. Bi Siku aliandika kwenye daftari, akafungua mtoto wa meza, akamrudishia ada yote. Robo alishuka ngazi anapiga mluzi. Sokoni hadithi ikaenea: Robo kamshinda Bi Siku. Wale wanaume wawili hawakuwamo kwenye hadithi. Kila alipoisimulia, chumba kilizidi kuwa kizuri.

Ikapita miezi mitano.

Dada yake Robo, mkubwa wake kwa miaka kumi na miwili, alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Mama yao alipofariki ndiye aliyemlea Robo, akamlisha kwa sketi za bluu na mashati meupe. Binti yake, mpwa wa Robo, alikuwa akipoteza uwezo wa kuona wa jicho moja, na lile la pili lilikuwa limeanza kufuata. Hospitali iliyoweza kulipasua ilikuwa ng'ambo, katika mji ule ule wa vitasa. Ukoo ulichanga, Robo naye alichanga, na gharama ya upasuaji ikalipwa yote mapema. Daktari alitaka mgonjwa akae siku kumi na mbili: siku ya kumi ndiyo ya kipimo kikubwa, na bila kipimo hicho, alisema, upasuaji ni nusu kazi.

Siku tatu kabla ya safari, ndugu walikusanyika kwa dada kuaga. Dada alitoa furushi la bahasha za kaki kutoka kwenye mkoba wake, uso umemkunjuka.

"Nimekwenda kwa yule mama wa bahasha," akasema. "Nilimwambia nina dola mia nne kasoro nne, siku kumi na mbili, watu wawili, mmoja mgonjwa. Akanambia haiwezekani. Kisha akafungua daftari, akanambia subiri, ipo nyumba moja. Mtaa wa maduka ya jumla, nyuma ya hospitali kabisa! Mtu mmoja alilala hapo kwa kumi na mbili, na risiti alileta." Akamgeukia mdogo wake. "Akaniuliza, huyu si ndugu yako? Nikasema ndiye. Jamani, nyumba aliyolala mdogo wangu ndiyo tunakwenda."

Watu wakapiga makofi. Mjomba mmoja akasema, "Robo, leo umetufaa."

Robo alitabasamu. Ulimi wake, uliowatoa jasho wauza jumla wa miji minne, ulikaa kinywani kama kipande cha kitambaa. Alitazama bahasha ya kwanza mkononi mwa dada: chumba kumi na mbili, chakula kumi na mbili, mengine nne. Akasema, "Inshallah mambo yatakuwa mazuri," akaomba chai.

Kulipokucha alimpigia simu mpokezi wa miwani.

"Nakukumbuka sana mheshimiwa," mpokezi akasema. "Kumi na mbili? Hakuna shida. Mgeni wako alete na wengine wawili."

"Ni mwanamke na mgonjwa wa macho, ndugu yangu. Ana bandeji."

"Pole yake. Thelathini na sita."

Walivutana dakika ishirini, mpaka salio la simu likawa linalia. Robo akatumia kila mbinu, ya huruma, ya kuondoka, ya kuahidi wateja. Akashusha mpaka thelathini. Hapo mpokezi akaweka nanga, na Robo, aliyejua sauti ya mtu aliyefika mwisho wake, akakubali.

Kisha akapanda ngazi za juu ya fundi viatu. Alikuwa amekwisha kupanga la kusema.

"Dada yangu, ile nyumba imepandisha bei. Thelathini sasa. Mwite dada yangu, mwambie bei zimepanda, mpangie upya. Tofauti nitatia mimi. Yeye asijue, atajisikia vibaya."

Bi Siku aliweka kalamu chini.

"Imepanda lini?"

"Sasa hivi. Nimepiga simu."

"Ya watu wote au ya chumba namba saba?"

Bi Siku akatoa daftari, akalifungua penye ile risiti iliyobanwa kwa pini, akamgeuzia.

"Nimekwisha kuwapa watu wanne bei hii. Wawili wamekwishaondoka. Ikiwa imepanda, nitaandika imepanda. Ikiwa haikuwa hivyo tangu mwanzo, nataka kujua leo, kabla sijampa wa tano."

Robo alitazama mzani wa mabegi kama atapata msaada hapo.

"Tulilala watatu," akasema.

"Watatu."

"Mmoja wa matairi, mmoja wa nyuzi. Ila mimi sikukudanganya. Risiti ni ya kweli. Nilitumia kumi na mbili."

"Sijasema umedanganya."

"Nilishinda kwa haki."

"Ulishinda, na ada kaa nayo. Mimi ndiye niliyeona muhuri nikasahau kuuliza mlikuwa wangapi." Alisema hivyo bila uchungu, kama anayesoma bei. "Lakini kwa dada yako siendi kusema bei imepanda. Nikiandika uongo mmoja humu, kesho sijui niutoe wapi. Wewe nenda kamwambie. Mimi nitapanga upya, na kwake ada nitarudisha, maana nilimuuzia kitu kibovu."

"Kwani lazima ajue? Fedha si natoa mimi?"

"Atafika kule, mpokezi atamsimulia kwa kicheko. Unataka aijue hapa au kule?"

Wakakaa wakapanga, kila mmoja na kalamu yake. Robo alipendekeza chumba cha mbali cha dola ishirini. Bi Siku akamwonyesha kwamba mgonjwa mwenye bandeji hapandi basi, na teksi ya kwenda na kurudi ni dola kumi na nne kila siku. Ule umbali ungekula zaidi ya tofauti yote. Robo akataka chakula kibaki kumi na mbili. Bi Siku akaandika kumi na nne. "Huyu anakwenda kupona. Mwili wa kupona haubaniki." Na mengine sita. Akatoa Kubana, akaandika Kupumua kwa wino mwekundu. Dola hamsini kwa siku, na bahasha ya dharura sitini kama ilivyokuwa. Kwa alizokuwa nazo dada, zilipungua dola mia mbili na sitini na nne.

Robo alizijua dola hizo zilipo. Zilikuwa ndani ya dola mia nane na thelathini alizozikusanya mwaka mzima. Kiwanda kimoja cha vitasa kilikuwa kinatafuta wakala mmoja tu wa kuviuza hapa mjini, amana dola mia nane, mwisho tarehe kumi na tano. Leo ilikuwa tarehe tisa. Akamtazama Bi Siku, labda atasema kitu. Bi Siku alikuwa anapiga mstari chini ya jumla.

"Tugawane," Robo akasema. "Kosa ni la wawili. Wewe mia, mimi zilizobaki."

"Kosa langu nalilipia. Narudisha ada, na nina watu watatu wengine wa kuwafuata. Hilo lako lina damu yako, libebe."

Alimkuta dada cherehanini, anapindisha upindo wa sketi ya mwisho kabla ya kufunga kazi. Mpwa alikuwa kwenye mkeka, anakunja nguo za safari kwa kupapasa kuliko kwa kuona. Robo hakukaa.

"Dada, ile nyumba si kumi na mbili."

Mguu wa dada ukasimama juu ya pedeli.

"Ni thelathini na sita. Nimeishusha mpaka thelathini. Ile kumi na mbili... tulilala watatu kwenye vitanda viwili vilivyounganishwa. Wafanyabiashara wenzangu."

Kisha mpwa akaangua kicheko.

"Mjomba! Kumbe ulilala katikati?"

"Katikati."

"Na ulivyotuhadithia mapazia!"

"Mapazia yalikuwepo," Robo akasema. "Hilo ni kweli kabisa."

Hata dada mdomo ulimcheza, ila haukufika kicheko. Akakata uzi kwa meno.

"Jana niliposema mbele za watu, ulikuwa umekaa hapo."

"Nilikuwepo."

"Ukaomba chai."

"Nilitaka nirekebishe kwanza."

"Ulitaka urekebishe nisijue." Akainua sketi, akauangalia upindo kwenye mwanga. "Ningefika na mtoto haoni, saa mbili usiku, nina dola kumi na mbili mkononi. Wewe ungekuwa umelala."

Robo akatoa fedha mfukoni, akaziweka kwenye meza ya cherehani, karibu na mkasi. Dada hakuzikataa, hakuwa na nafasi ya kuzikataa. Alizihesabu mara moja, akazitia kwenye mkoba.

"Za vitasa hizi?"

"Za vitasa."

"Sawa," akasema, akarudisha mguu kwenye pedeli.

Walisafiri. Siku ya kumi, kwenye kipimo kile kikubwa, daktari aliona presha ya jicho imepanda. Hakukuwa na maumivu. Mgonjwa mwenyewe hakujua. Akabadilishiwa dawa, akaambiwa akae siku moja zaidi ya zile kumi na mbili. Bahasha ya dharura ikafunguliwa, ikalipa chumba, chakula na mengine ya siku hiyo, na dola kumi zilizosalia zikanunua chupa ya pili ya matone. Kwa mpango wa kwanza fedha zingekuwa zimekwisha kabla ya siku ya nane kwisha, na wangekuwa nyumbani, presha inapanda polepole, hakuna anayejua. Mpwa leo anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe, ingawa mama yake bado humpokonya akajaribu kumtungia.

Tarehe kumi na tano ilipita. Uwakala wa vitasa ulichukuliwa na mwenye duka la rangi, mtu asiyejua tofauti ya kitasa na komeo, na sasa Robo hununua vitasa vile kwake, kwa bei ya jumla, bila robo, kwa sababu hakuna pengine pa kuvipata. Kila mwezi anatoa fedha zile huku ameuma meno. Hajapata kusema kwamba anajuta, wala kwamba hajuti.

Bi Siku naye hakutoka salama. Kati ya wale wanne, wawili aliwawahi. Wengine wawili walikuwa wamekwishaondoka. Mmoja alipata pa kulala kwa jamaa, wa pili alirudi kabla ya siku zake, akasimama chini kwenye ngazi kwa fundi viatu akapiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Kwa miezi mitatu viti vyake viwili vilikaa vitupu siku nyingi kuliko zile zenye mtu. Alichopata ni swali. Sasa anayerudi, hata awe na risiti yenye mihuri mitatu, kwanza anaulizwa mlilala wangapi, mlikula kwenye sahani ngapi, nani alikulipia nauli ya siku ambayo hukuitaja. Akamwita na Robo pia, akamkalisha, akamhoji safari zake zote kumi na moja upya. Ilichukua asubuhi tatu. Safari tano zilibadilika kabisa. Robo alipoondoka, daftari la mji wa vitasa lilikuwa na kurasa mpya kumi na nne, na yeye alikuwa hana hadithi hata moja ya kwenda nayo sokoni.

Dada alipeleka maelezo yake mwenyewe bila kuitwa. Alieleza siku kumi na tatu, hakuongeza wala hakupunguza, hata maandazi mawili aliyoyanunua na kuyatupa aliyataja. Bi Siku aliandika kama alivyosema.

Kwa mdogo wake hakubadilika. Anampikia akija, anamtumia salamu, alimshonea shati la sikukuu. Fedha zile mia mbili na sitini na nne alianza kumrudishia kidogo kidogo, na Robo akakataa, na yeye hakumbembeleza. Lakini zamani, kabla hajanunua kitu chochote, alimpigia Robo simu: hiki bei gani, wasije wakanipiga? Sasa hapigi. Juzi alinunua kabati la kutilia sare, akalipa zaidi ya inavyostahili, Robo aliona kwa jicho tu. Akamuuliza mbona hakumwambia wakaenda wote.

"Nilimuuliza jirani," dada akasema, akaendelea kupanga mashati.